Bibi anauza zawadi tunazompelekea, kikundi kimenituma nikamhoji

BARUA

Dada, shikamoo.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kina mama huku Tabata. Tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, baadaye tukakubaliana kila mwezi kila mwanachama aongeze elfu tano kwa ajili ya wazee. Kuna makazi ya wazee hapa hapa Dar, jina naomba nilihifadhi, ambako tunakwenda kila pesa ikitosha. Tunapeleka sabuni za mche na za kuogea, sukari, dawa ya meno, mafuta ya mgando, ndala na kanga. Tukifika tunaomba dua, tunaimba, tunakata keki, tunagawa vitu, tunapiga picha, tunarudi. Tuna na fulana zetu, mgongoni zimeandikwa "Kutoa ni moyo".

Safari ya mwisho mambo yaliharibika. Tukiwa tunapanda gari, mhudumu mmoja alimvuta mwenyekiti wetu pembeni akamwambia tunajisumbua bure, maana kuna bibi tukishaondoka tu anaviuza. Akamtaja. Ni bibi ninayempenda kuliko wote pale, ana maneno yule, akikuanza utacheka mpaka ukae chini. Mwenyekiti alikataa kuamini. Tulipotoka getini tukamkuta mama mwenye genge la nyanya ng'ambo ya barabara kajifunga kanga tuliyogawa sisi, rangi ile ile na jina lile lile. Gari zima likawa kimya mpaka Buguruni.

Kikao kilikuwa cha moto. Wapo waliosema tusiende tena, pesa tupeleke kwa yatima, kwa sababu sisi tunajinyima halafu wenzetu wanafanya biashara. Mwenyekiti akaja na wazo kwamba tuendelee, ila tuandike jina la kikundi kwa kalamu ya wino kwenye kila kanga na kila ndala, sabuni za mche tuzikate vipandevipande na sukari tuipeleke imefunguliwa, ili visiuzike. Wengine wanataka kila kitu kiingie stoo na wahudumu wawe wanatoa kidogokidogo. Mimi nimepewa kazi ya kwenda kumhoji bibi kwa kuwa ananiita mjukuu wake.

Sasa Dada, kuna jambo ambalo kikundi hakilijui. Huko nyuma, wenzangu wakiwa kwenye keki, nilikaa na bibi kitandani kwake tukapiga soga. Nikamuuliza safari ijayo nimletee nini. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sabuni ninazo za kuogea mpaka za kuniosha nikifa." Akafungua kasha lake chini ya kitanda, kweli limejaa. Akasema anachotamani ni ugoro, wanja, na vocha ya kumpigia mtoto wa marehemu kaka yake aliyeko Lindi. Akanionyesha na miguu yake, kucha zimekuwa ndefu na nene mpaka zinajikunja, kiatu hakivaliki. Sikuyasema hayo kikundini. Nusu yetu ni walokole, nusu ni Waislamu wa swala tano, nikitaja ugoro kikao kitavunjika.

Naomba unisaidie. Nikamhoji bibi kama nilivyotumwa? Nikisema habari ya ugoro nitakuwa nimemsaidia au nimemwaibisha? Wazo la mwenyekiti la kalamu ya wino ni sawa? Wakati mwingine nafikiria nijitoe, niwe nakwenda peke yangu kimyakimya.

Mhazini, Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Usimhoji. Nenda kamsalimie, kaa kitandani kama siku ile, pigeni soga, lakini hiyo kazi uliyotumwa irudishe kikundini ilikotoka. Mtu mzima wa umri wa bibi yako hawekwi kitako kuulizwa kanga yake imekwenda wapi. Mkishampa, ni yake. Bibi harusi akitoka kwenye kicheni pati na chupa za chai kumi na moja, akauza tisa ili apate pesa ya godoro, nani anaitisha kikao? Tunasema ana akili. Wewe na mwenyekiti wako huenda mmeshawahi kununua chupa za namna hiyo.

Tuanze na sababu, kwa sababu kikao chenu kilirukia adhabu kabla ya kuuliza kwa nini. Kwenye makazi mzee ana kitanda, ana chakula, akiumwa anapelekwa hospitali. Ambacho hana ni shilingi. Huku Bara, anayepata pensheni ni yule aliyekuwa na ajira ya kuchangia mfuko. Bibi aliyelima mihogo au kukaanga maandazi maisha yake yote hakuchangia mfuko wowote, kwa hiyo hakuna mwisho wa mwezi kwake. Zanzibar walianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, wakaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku kwetu bibi yako hana hata hiyo. Sasa anataka kumpigia simu mtoto wa kaka yake. Ana kasha limejaa sabuni, na ng'ambo ya barabara kuna mama mwenye genge anayehitaji sabuni. Mlimpelekea sabuni, akaigeuza vocha. Hapo mimi sioni wizi, namwona mama anayejua hesabu kuliko wahazini wengi, samahani kwa kukugusa.

Na lile kasha mmelijaza nyinyi, pamoja na vikundi vingine vyote vya mji huu. Ramadhani ikiingia, futari na sukari zinamiminika. Krismasi inakuja na mchele na sabuni. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na siku hiyo maofisi yanakuja na mabango na sabuni nyingine. Kila mmoja anafikiria kitu kile kile, kwa sababu sabuni ni rahisi kununua kwa jumla Kariakoo na ikipangwa inapendeza kwenye picha. Wageni wakishapita panakuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wiki hizo kucha haziachi kuota.

Wazo la kalamu ya wino mwambie mwenyekiti aachane nalo. Kanga yenye jina la kikundi mgongoni ni sare ya mfungwa. Kumkatia mzee mche wa sabuni makusudi usiuzike ni kumwambia kwamba humwamini na kitu ulichompa kwa mkono wako mwenyewe, na wazee wanaona haraka sana mambo hayo. Sukari iliyofunguliwa italetea sisimizi tu. Kuhusu stoo nakubaliana na wenzenu kwa vitu vya wote: pampasi za watu wazima, glavu, sabuni ya kufulia mashuka, dawa ya kusafishia vyoo. Hivyo vikabidhiwe kwa mfawidhi, yaani mkuu wa makazi, viandikwe. Makazi ya serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, yana mfawidhi, na yale ya dini yana masista au msimamizi wao, kwa hiyo mtu wa kumkabidhi hakosekani popote. Kanga, ndala, mafuta na kioo cha kujitazamia vimfikie mwenyewe mkononi. Mzee asiwe wa kupanga foleni kuomba mafuta ya kujipaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kwenye barua yako, nalo umelitaja kwa sentensi moja: kucha.

Mtu akizeeka kucha za miguu zinakuwa nene na ngumu, kiuno hakikunjiki tena mpaka kwenye vidole, macho hayaoni vizuri, mkono unatetemeka. Hawezi kujikata. Mhudumu ana wazee wengi, ana kulisha, kubadilisha mashuka, kufua. Kucha zinabaki za mwisho, na mwisho wenyewe haufiki. Zikijikunja zinachoma nyama, mzee anaacha kuvaa viatu, halafu anaacha kutembea. Mlikuwa mnampelekea bibi ndala za miguu asiyoweza kuivisha kiatu.

Kununua kikata kucha kikubwa cha miguu, cha chuma, hakufikii hata bei ya fulana yenu moja. Nunueni vichache pamoja na tupa za kucha na mabeseni. Lakini kwanza muulizeni mfawidhi au muuguzi ni nani wana kisukari, na ni nani miguu yao ina ganzi, wakiwemo waliowahi kuugua ukoma. Hao msiwaguse kwa chuma, waachieni wataalamu, maana kidonda kidogo ambacho mtu hakisikii kinaweza kumkatisha mguu. Kwa wengine, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, na uyajaribu kwa kiwiko chako wewe mwenyewe. Ngoja kama robo saa kucha zilainike. Kata moja kwa moja, usichimbe pembeni, malizia kwa tupa. Futa vizuri katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando miguuni ila si katikati ya vidole, pale panataka ukavu. Chombo kioshwe na kufutwa kwa spiriti kabla hakijaenda kwa mwingine. Nyembe za kunyolea ndevu ni mtu na wembe wake, hilo halina mjadala.

Wazee sita au saba kwa siku wanatosha, mtachoka migongo. Na hapo ndipo utasikia habari ambazo hazisikiki kwenye keki. Mtu ukimshika mguu, anazungumza.

Mkiwa hapo chini tazameni na mikongojo. Ile raba ya kwenye ncha inaisha, mti unabaki mtupu unateleza kwenye sakafu ya tailizi. Kabadilisheni, ni kitu kidogo kabisa. Ndala za kawaida nazo zinaangusha wazee, kwa sababu zinashikiliwa na vidole visivyo na nguvu. Tafuteni viatu vya wazi vyenye mkanda nyuma ya kisigino, na mchukue vipimo kabla, msinunue saizi moja kwa watu wote. Dawa ya meno mnampa na kibogoyo? Yeye atafurahi zaidi na chombo cha mfuniko cha kulaza meno yake ya bandia usiku, kama anayo. Mafuta yawe yasiyo na manukato makali, ngozi ya mzee ni kavu na inawasha upesi. Sukari punguzeni sana, ukijumlisha wenye kisukari mtakuwa mnawapelekea ugonjwa. Na Juni na Julai, upepo wa kipupwe ukivuma kutoka baharini, soksi na sweta la mtumba vina thamani kuliko keki yoyote. Nyinyi mnaona Dar ni joto kwa sababu damu yenu bado inachemka.

Bado hujasikia kuhusu starehe. Bibi aliomba wanja, na mimi nilifurahi kusoma hivyo. Mtu anayetaka wanja hajakata tamaa ya kutazamwa. Mpelekee wa pensheli wa dukani, wa peke yake, usichangiwe na macho mengine. Ule wa unga usiojulikana umetoka wapi uepukeni, mwingine una madini ya risasi. Yupo atakayetaka udi, yupo wa tambuu, yupo babu atakayetaka kahawa chungu na kashata, au redio ndogo na betri zake asikilize mpira (na betri za akiba, kwa sababu redio isiyo na betri ni mzigo). Bao je? Pale penu lipo? Kama halipo, mbao mnazo na kete zinaokotwa. Wazee wasiocheza bao watacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Kuhusu ugoro sitakuzungusha. Ugoro ni tumbaku, unaharibu fizi na mdomo, na makazi mengine yanaukataza. Pesa ya kikundi msiununulie, wenzako wana haki ya kukataa mchango wao uende huko, na hilo ni la imani zao. Lakini bibi alianza kuvuta ugoro hujazaliwa. Hakuomba ruhusa ya kikundi chenu na haihitaji. Kama ana pesa yake na kanuni za pale zinaruhusu, ni shauri lake na muuguzi wake. Wewe ukienda usimhubirie. Kikundini pia usimtaje, wala yeye wala ugoro. Alikuambia wewe mkiwa wawili kitandani, hilo linabaki hapo hapo.

Utawaambia nini basi? Waambie hivi: "Nimekagua, vitu tunavyopeleka wanavyo tele, ndiyo maana vinatoka nje. Naomba safari ijayo tusinunue chochote. Twende watu watatu na daftari." Mhazini akisema tusitumie pesa, kikao kinasikiliza. Mpigieni mfawidhi kwanza, mumwombe siku ya katikati ya wiki ambayo hakuna wageni wengine. Kila mmoja wenu akae na wazee wachache, mmoja mmoja, wahudumu wasiwe karibu, aulize: unakosa nini, nini kinakusumbua mwilini, zamani ulikuwa unapenda nini. Msiulize mbele ya wengine, mzee mmoja akisema "sabuni" wote watasema sabuni kwa adabu. Andikeni. Wasiosema kitu muangalieni miguu, macho na mikongojo yao. Bibi akijisemea mwenyewe mambo ya vocha, yameingia daftarini bila wewe kumchongea, na vocha haina dini.

Siku ya kurudi msigawe mafurushi yanayofanana. Pangeni vitu mezani, kila mzee apite achague vitatu, na asiyeweza kutembea muibebe meza mumpelekee. Kuna mama nyumba ya jirani yetu alilelewa na bibi yake mpaka anaolewa, anasema kilichomuuma bibi yule alipohamia kwa mwanawe si chakula, ni kwamba kwa miaka hakuna mtu aliyemuuliza anataka rangi gani. Mkifanya hivyo mtaona baadhi ya wazee wanashika kitu, wanarudisha, wanashika kingine, wanachelewesha. Msiwaharakishe. Mkiona bado wengi wanataka pesa ya mfukoni, zungumzeni na mfawidhi juu ya utaratibu wa pale. Mahali pengine wanaruhusu kiasi kidogo kwa kila mzee kwa kusaini, mahali pengine hawataki kabisa. Fuateni wao.

Picha sitazijadili sana. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kusambaza sura ya mtu bila ridhaa yake si ukosefu wa adabu tu. Piga picha ya meza, na ya mabeseni. Mzee akitaka kupigwa mwenyewe, mpigeni, mumsafishie mumpelekee ya karatasi, ataibandika juu ya kitanda. Wengi wamepigwa picha na vikundi kila mwaka na hawajawahi kuziona.

Yule mhudumu aliyemchongea bibi nisingemwekea kinyongo. Huenda amechoka kuona wageni wanamkumbatia bibi huku yeye anayembeba kwenda msalani hasalimiwi. Mpelekeeni glavu boksi zima, muulizeni na yeye kazi inaendaje.

Kujitoa na kwenda kimyakimya sikushauri. Mtu mmoja anayeingia na kutoka kwenye chumba cha mzee mmoja, na vitu vinaingia na kutoka getini, ataonekana vibaya hata awe malaika, na siku ukiugua au ukihama Tabata bibi anabaki hana mtu. Kama unataka kumwona katikati ya safari za kikundi, mwambie mwenyekiti, mwambie mfawidhi, saini daftari la wageni, nenda mchana. Chukua na simu yako uwe na salio, umpigie yule wa Lindi kwa sauti ya juu, azungumze naye akiwa amekaa. Muulize bibi namba kabla hujaondoka safari hii, wazee wengi wanayo kwenye karatasi iliyochakaa na tarakimu moja haisomeki.